Fyuzi ikiungua usikimbilie kuweka nyingine: inavyolinda vifaa vyako, ya kuchagua, na jinsi ya kuibadili

Jirani aliniletea pasi. Alikuwa na lalamiko dogo tu, kwamba ikikaa kwenye soketi kama robo saa inatoa harufu ya plastiki, ila inapata moto vizuri na nguo zinanyooka, sasa je aendelee nayo? Nikachukua bisibisi nikaifungua plagi pale pale mezani, na nilichokiona ndo kimenifanya nikae niandike haya yote.

Upande wa pini ya laini, ile inayoleta umeme, plastiki ilikuwa imegeuka rangi ya sukari iliyoungua, inameguka ukiigusa na ukucha. Fyuzi ilikuwepo, lakini imeviringishiwa karatasi ya fedha, ile inayong'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, imebanwa kuanzia ncha moja mpaka nyingine, yaani mtu alitulia akaifanya kazi ile kwa makini kabisa. Nikaibandua karatasi, nikaipima fyuzi, ilishakufa zamani. Kwa hiyo pasi ile ilikuwa inatumika bila ulinzi wowote kwenye plagi, kwenye nyumba yenye watoto wadogo, na aliyeifunga hivyo ni fundi aliyelipwa hela yake.

Sasa tuelewane kitu kimoja kwanza. Fyuzi iliyoungua imefanya kazi iliyowekewa pale, kuna kitu kimeenda vibaya mahali pengine na yenyewe ndo imekupa taarifa. Ukiweka nyingine bila kuuliza kwa nini, au ukaiviringishia karatasi, au ukaunga na kipande cha waya, unamnyamazisha mlinzi aliyekuwa anakupigia kelele na mwizi bado yuko ndani.

Ndani ya fyuzi kuna nini

Ni waya mwembamba tu. Umeme wote unaokwenda kwenye kifaa lazima upite hapo kwanza, hamna njia ya pembeni, na waya huo umetengenezwa kwa makusudi uwe ndo sehemu dhaifu kuliko zote kwenye njia nzima. Umeme ukipita kwenye waya wowote unazalisha joto, hilo halikwepeki, na joto lenyewe haliongezeki sawasawa na umeme, linaongezeka kwa mraba wake. Maana yake ampea, yaani kipimo cha wingi wa umeme unaopita, zikiwa mara mbili joto linakuwa mara nne, zikiwa mara tatu joto mara tisa. Ndo maana mambo yanaharibika haraka sana shoti ikitokea, kwa sababu hapo ampea zinaruka kutoka 4 au 5 mpaka mamia, na fyuzi inayeyuka ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho, njia inakatika, umeme unasimama.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1847 Mfaransa Louis Breguet alishauri vituo vya telegrafu viwekewe kipande cha waya mwembamba ili radi ikipiga kiungue hicho badala ya mitambo, na mwaka 1890 Thomas Edison akapata hataza ya fyuzi kama sehemu ya mfumo wake wa kusambaza umeme. Tangu hapo umbo limebadilika lakini kanuni ni ile ile, kiungue kidogo cha bei ndogo ili kikubwa kipone.

Ila watu wengi wanadhani fyuzi inalinda kifaa peke yake, na hapo ndo makosa ya kuchagua yanapoanzia. Kitu cha kwanza fyuzi inacholinda ni waya, ule mkia unaotoka kwenye plagi kwenda kwenye kifaa. Ganda la plastiki la waya wa kawaida limetengenezwa kuvumilia nyuzi joto 70 hivi, likizidi hapo kwa muda mrefu linalainika, linapasuka, nyaya za ndani zinagusana, na moto wa nyumba unaanzia hapo, nyuma ya kochi au chini ya zulia ambako hakuna anayeangalia. Waya wa mkia wenye unene wa milimita za mraba 0.5 unabeba ampea 3, wa 0.75 unabeba 6, wa 1.0 unabeba 10, wa 1.25 unabeba 13. Namba hizi mara nyingi zimechapwa kwenye ganda la waya lenyewe, kwa herufi ndogo zinazoonekana vizuri ukizimulika tochi ya simu kwa pembeni.

Kujua fyuzi ya ampea ngapi

Hesabu ni moja tu: chukua wati za kifaa gawanya kwa volti za umeme wa nyumba yako, unapata ampea. Wati zimeandikwa kwenye kibandiko cha nyuma au cha chini ya kifaa. Kwenye nchi nyingi volti ni 230 hivi, kwenye nchi kama Marekani ni 120, angalia kibandiko chako kinasemaje.

Tuseme umeme ni volti 230. TV ya wati 100 inakula ampea 0.4 na kidogo. Blenda ya wati 500 inakula 2.2. Pasi ya wati 1100 inakula karibu 4.8. Birika la umeme la wati 2000 linakula 8.7. Mashine ya kufulia inayochemsha maji ndani inaweza kufika 9 au 10 hita yake ikiwaka, hata kama mota peke yake inakula kidogo sana. Hita ya wati 3000 inagonga 13 kamili, na hapo umefika mwisho wa plagi, kitu kikubwa zaidi ya hicho kinatakiwa kuvutiwa laini yake peke yake kutoka kwenye boksi kuu na hakitakiwi kuwa kwenye plagi kabisa.

Ukishapata ampea chagua fyuzi iliyo juu kidogo ya hiyo namba, ile ya karibu. Kwa plagi zenye pini tatu za mstatili, za mtindo wa Uingereza, fyuzi inakaa ndani ya plagi na zinazopatikana kirahisi ni ya 3, ya 5 na ya 13. Kifaa cha chini ya wati 700 weka ya 3, cha juu ya hapo weka ya 13, ya 5 unaiweka pale tu mtengenezaji alipoiandika. Rangi zinasaidia pia, ya 3 huwa na maandishi mekundu, ya 5 meusi, ya 13 kahawia, lakini soma namba, usiamini rangi peke yake.

Angalia kosa ninaloliona kila siku: taa ya mezani ya wati 40 yenye mkia mwembamba kama kamba ya viatu, ndani ya plagi kuna fyuzi ya 13 kwa sababu plagi ilinunuliwa dukani ikiwa na hiyo na hakuna aliyeibadili. Taa yenyewe inakula chini ya ampea 0.2. Mkia wake unavumilia 3. Kitu kikiharibika ndani ya taa kikaanza kuvuta ampea 10, fyuzi ya 13 itakaa kimya tu inatazama, kwake 10 ni kawaida, na waya ndo utaungua. Kubadili fyuzi hiyo kuwa ya 3 ni kazi ya dakika tano.

Vifaa vyenye mota vina tabia yake. Friji inaweza kuwa ya wati 150 tu, hesabu inakupa ampea 0.7, ukaweka ya 3 ukaona inakata kila baada ya siku kadhaa. Kompresa ikianza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida kwa nukta chache, na fyuzi ndogo inachoka na hiyo mishtuko. Kwa friji, pampu na mota kubwa fuata namba aliyoandika mtengenezaji kwenye kibandiko au kitabu chake, mara nyingi ni 13, na hakikisha tu mkia ni ule mnene uliokuja nayo.

Kitu kingine cha kujua, namba iliyoandikwa kwenye fyuzi siyo namba inayokatia. Ni namba inayoweza kubeba siku nzima bila tatizo. Fyuzi ya 13 ukiipitishia ampea 20 inaweza kukaa dakika nyingi kabla haijakata, inapata moto, plagi inapata moto, lakini haikati. Kwa hiyo ukichomeka birika la wati 2000, pasi ya 1100 na jiko la 1500 kwenye ekstensheni moja, jumla ni wati 4600, ampea 20, usijipe moyo kwamba mbona haijakata basi iko sawa, muda wote huo plagi ya ekstensheni inapikika. Na kama hiyo ekstensheni waya wake umeviringwa kwenye roli lake ndo kabisa, joto halina pa kutokea. Ukitumia kitu kikubwa kunjua waya wote, na vitu vya kupasha moto kichomeke kimoja kimoja, ikiwezekana ukutani moja kwa moja.

Jinsi ya kubadili fyuzi ya plagi

Zima swichi ya soketi kisha chomoa plagi. Yote mawili. Kuna soketi ambazo swichi imefungwa upande usio sahihi, inazima kwa macho tu na laini bado ina moto, kwa hiyo kuchomoa ndo uhakika.

Plagi nyingi za siku hizi zimefinyangwa kipande kimoja na haziwezi kufunguliwa, ila kwenye uso wa pini kuna kidroo kidogo cha fyuzi. Ingiza ncha ya bisibisi bapa pembeni yake, inua taratibu, fyuzi inatoka na kidroo chake. Plagi za kufunguka zina skrubu kubwa moja katikati ya pini, ilegeze, kifuniko kinatoka, fyuzi unaiona imebanwa kwenye klipu mbili za shaba. Inyanyue kwa bisibisi kuanzia ncha moja. Kama ni ngumu isukume kidogo kidogo pande zote mbili, usiivute kwa nguvu ukapanua klipu, klipu ikipanuka haitaishika mpya vizuri na hilo ni tatizo kubwa kuliko unavyodhani, nitalirudia chini.

Ukiwa umeshafungua, usifunge haraka haraka, kagua. Waya wa laini, kahawia kwa rangi za kisasa, mwekundu kwa zile za zamani, lazima uwe kwenye pini iliyoungana na fyuzi. Bluu, ambao zamani ulikuwa mweusi, ndo nyutro, njia ya umeme kurudi. Kijani chenye mistari ya njano ni ethi, waya wa kupeleka umeme ardhini, na unakwenda kwenye pini ile ndefu. Laini na nyutro zikibadilishana kifaa kitafanya kazi kama kawaida lakini fyuzi itakuwa imekaa upande wa nyutro, ikiungua kifaa kinazimika huku umeme bado upo ndani yake, unafungua ukijua kimekufa kumbe kiko hai. Kaza skrubu zote tatu. Hakikisha hakuna unyuzi wa shaba uliotoka nje ukasogelea mwenzake. Hakikisha kibanio cha chini kimebana ganda la nje la waya, siyo nyaya za rangi za ndani.

Sasa pima fyuzi. Ukiwa na maltimita, kile kifaa cha kupimia umeme chenye nyaya mbili, weka kwenye alama ya mlio, gusisha ncha mbili za fyuzi, ikilia ni nzima, ikikaa kimya imekufa. Usiihukumu kwa macho, hizi za plagi zina mwili wa kauri, huoni kitu ndani. Huna maltimita? Chukua fyuzi ya namba ile ile kwenye plagi nyingine unayojua inafanya kazi, jaribu nayo, kisha uirudishe kwake.

Mpya iwe na namba ile ile iliyotakiwa na saizi ile ile, ile ya plagi ina urefu wa milimita 25 na kidogo na unene wa 6. Angalia imechapwa ampea, volti na alama BS 1362, na isiwe nyepesi kama ganda tupu. Fyuzi halali ndani ina mchanga mweupe umejazwa kuzunguka waya, na mchanga huo una kazi: waya ukiyeyuka kunatokea cheche ya moto mkali inayojaribu kuruka kutoka ncha hadi ncha, mchanga unaizima. Feki haina mchanga, ikipata shoti kubwa inaweza kupasuka badala ya kukata.

Isukume kwenye klipu mpaka uisikie imeshika. Ijaribu na kidole, haitakiwi kucheza. Funga.

Lakini kabla hujachomeka

Muulize marehemu kwanza. Fyuzi za kioo zinasema kwa macho: waya umekatika katikati taratibu na kioo bado cheupe, huo ni mzigo uliozidi kidogo kwa muda mrefu, au fyuzi imechoka tu na umri. Kioo kimekuwa cheusi au kimepakwa rangi ya fedha kwa ndani, hapo ilikuwa shoti kali, waya haukuyeyuka, ulilipuka ukawa mvuke. Ukiona hivyo usipoteze fyuzi nyingine, itakwenda njia ile ile.

Kifaa chenyewe unaweza kukipima bila kukifungua, kikiwa kimechomolewa. Weka maltimita kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa njia ya umeme, washa swichi ya kifaa, pima kati ya pini mbili za laini na nyutro. Kwa vitu vya kupasha moto kama pasi, birika, hita, unaweza kujua namba inayotakiwa: volti zidisha kwa volti gawanya kwa wati. Pasi ya wati 1100 kwenye 230 inatakiwa isome karibu omu 48, birika la 2000 karibu omu 26. Ukisoma sifuri au moja, ndani kuna shoti. Ukisoma hakuna kitu kabisa, njia imekatika, waya au elementi au fyuzi ya ndani. Kisha pima kati ya pini ya laini na mwili wa chuma wa kifaa, halafu nyutro na mwili, hapo isisome chochote. Ikisoma, umeme unavuja kwenye mwili, kifaa hicho kisichomekwe tena mpaka kitengenezwe, hata kama kinafanya kazi vizuri. Vyenye mota na vile vya elektroniki kama TV na chaja namba zake hazifuati hesabu hii, huko tafuta shoti tu, basi.

Pasi ya jirani nilivyoipima ilisoma 48 safi, elementi nzima. Nikaanza kuukunja mkia wake kidogo kidogo nikiangalia maltimita, nilipofika pale waya unapoingia kwenye mkono wa pasi, namba ikaruka ikawa sifuri, nikainyoosha ikarudi 48. Pale ndo waya unakunjwa kila siku kwenda mbele na nyuma, ganda limepasuka ndani kwa ndani, nyaya mbili zinagusana mara moja moja. Fyuzi ya kwanza ilikata kwa sababu hiyo na ilikuwa sahihi kabisa. Mara nyingi ugonjwa uko sehemu mbili tu, pale mkia unapoingia kwenye kifaa na pale unapoingia kwenye plagi, anza huko.

Ukiweka mpya na ikakata papo hapo, acha. Ikikata baada ya dakika kadhaa, fikiria mzigo umezidi au mota inakwama, jaribu kuizungusha feni au blenda kwa mkono ikiwa imechomolewa uone kama inazunguka kirahisi.

Fyuzi haiwezi kila kitu

Haimlindi mtu na shoti ya mwili. Umeme wa miliampea 30 tu kupita kifuani unatosha kuwa hatari kwa maisha, na fyuzi ya ampea 13 inavumilia zaidi ya mara 400 ya hiyo bila kukata. Ukishika waya ulio hai fyuzi haitajua kama upo. Kinachokulinda hapo ni ile swichi ya kwenye boksi kuu yenye kitufe cha kujaribia, inayokata ikiona umeme unavuja kuanzia miliampea 30, na bonyeza kitufe hicho mara kwa mara uone kama inakata kweli. Kingine ni ethi. Laini ikigusa mwili wa chuma wa friji na ethi ipo, umeme mwingi unakimbilia ardhini kwa ghafla na fyuzi inakata. Ethi ikiwa haipo mwili wa friji unabaki na umeme, fyuzi inabaki nzima, wanamsubiri wa kufungua mlango akiwa peku. Kwa hiyo mtu anayekata ile pini ndefu ili plagi iingie kwenye soketi ya matundu mawili ameivua fyuzi nusu ya kazi yake. Nawaomba sana, msikate pini hiyo.

Haizuii umeme kupanda au kushuka pia. Volti zikipanda zinaua vipande vya elektroniki kabla fyuzi haijapata muda wa kuyeyuka, zikishuka kompresa ya friji inahangaika kuzunguka, inavuta ampea nyingi na kuchemka. Kwa hilo kuna vifaa vyake vya kulinda volti, vinavyokata na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha.

Na haioni mguso mlegevu, hapa ndo narudia ile habari ya klipu. Klipu iliyopanuka au skrubu isiyokazwa inakuwa na ukinzani kidogo, tuseme nusu omu. Birika linapitisha ampea 9 pale: 9 mara 9 mara nusu, unapata wati 40 za joto kwenye sehemu ndogo kuliko ukucha. Kile chuma cha mafundi redio cha kuyeyushia risasi ni wati 40 vilevile, sasa fikiria umekifungia ndani ya plagi. Umeme wenyewe haujazidi, ni 9 ile ile, fyuzi haina sababu ya kukata. Ndo ile rangi ya sukari niliyoiona, karatasi ya sigara haikuwa imegusa klipu vizuri. Kwa hiyo jizoeshe kushika plagi baada ya kutumia kitu kikubwa, ikiwa vuguvugu sawa, ikiwa ya moto huwezi kuishikilia basi ichomoe ukaifungue.

Fyuzi za ndani ya vifaa na za kwenye boksi

TV, chaja kubwa, maikrowevu, redio, nyingi zina fyuzi nyingine kwenye bodi, kawaida ya kioo au kauri ya milimita 5 kwa 20. Soma kofia zake: F maana yake inakata haraka, T inavumilia mshtuko wa kuwasha. Ukiweka F mahali pa T itakata kila ukiwasha, ukiweka T mahali pa F kifaa kinaweza kufa kabla yake. Ya kauri usiibadili kwa ya kioo hata kama ampea ni sawa, ya kauri iliwekwa pale kwa sababu inaweza kukata shoti kubwa na ya kioo inaweza kupasuka. Maikrowevu usifungue kabisa kama siyo fundi, ndani kuna kapasita inayohifadhi volti za kuua hata ikiwa imechomolewa.

Pasi, jiko la wali, mashine ya kukausha nywele zina nyingine inayoangalia joto badala ya ampea, kidude kidogo kimeandikwa nyuzi joto. Ikifikia hizo inakata na hairudi tena. Kuna mafundi wanaiunga moja kwa moja na waya, kifaa kinawaka, mteja anafurahi, na siku kidhibiti cha joto kikigandia hakuna kitu cha kukizuia. Uliza umewekewa nini.

Kwenye boksi kuu, nyumba nyingi sasa zina sakiti breka ambayo unairudisha tu, na sheria ni ile ile, ikikata mara ya pili usiilazimishe, chomoa vitu vyote, irudishe, kisha chomeka kimoja kimoja mpaka umpate mkosaji. Zile za zamani za kufunga waya zinatumia waya maalumu, wa ampea 5 una unene wa milimita 0.2, wa 15 una 0.5, wa 30 una 0.85. Ukiufunga wa 15 unayeyuka kwenye ampea 28 hivi, waya wa shaba wa milimita 1 uliookota unasubiri mpaka 80, na nyaya za ukutani hazifiki huko salama. Boksi lifunguliwe meni swichi ikiwa imezimwa, na ukiona weusi wa moshi ndani yake mwite fundi umeme mwenye leseni.

Pasi nilikata mkia wote, nikafunga mpya wa nyaya tatu wenye ganda la kitambaa linalovumilia moto, unene 1.25, plagi mpya, fyuzi ya 13 kwa sababu ampea 4.8 inazidi ya 3. Nilipima mwili na pini, kimya. Tukaichomeka, ikakaa nusu saa, tukashika plagi kwa zamu, vuguvugu tu. Ile fyuzi yenye karatasi aliiomba, akasema anampelekea fundi wake.